Marupurupu ya usafiri yanakatwa kodi, baiskeli haitambuliwi: nani aliamua hivi?

Wanajukwaa, naanza na jibu kwa wale wanaouliza swali hili kila mwezi wa Juni unapokaribia kwisha na watu wakihangaika na ritani, yaani taarifa za kodi za mwaka: hapana, kwa sheria ya Kenya ilivyo leo, mwajiriwa anayekwenda kazini kwa baiskeli hawezi kuondoa gharama ya safari hiyo katika mapato yake yanayotozwa kodi. Si bei ya baiskeli, si tairi, si kofia ngumu, si malipo ya fundi. Nimefungua uzi huu kwa sababu jibu hilo linaniudhi, na linazidi kuniudhi kila ninapoisoma sheria yenyewe na kuona ni nani aliyekumbukwa humo na ni nani aliyesahauliwa.

Msingi wa jambo hili ni vifungu vya 15 na 16 vya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470. Cha 15 kinaruhusu gharama ambazo zimetumika zote, na kwa ajili hiyo pekee, katika kuzalisha mapato. Cha 16 kinakataza matumizi ya mtu katika kujikimu yeye mwenyewe, jamaa zake na nyumba yake, pamoja na mengine ya kibinafsi, na safari ya kutoka nyumbani hadi kazini huwekwa katika fungu hilo. Hoja ya wanaoitetea sheria hii ni kwamba mapato huanza kuzalishwa ukishafika kazini, na kwamba mahali unapoishi umepachagua mwenyewe. Nakubali kwamba hapo mwendesha baiskeli habaguliwi peke yake: abiria wa matatu naye hadai nauli, na mwenye gari lake hadai petroli. Lakini neno kuchagua linaniumiza. Mfanyakazi wa kiwandani anayeishi Kayole au Mukuru hakukaa chini akalinganisha mitaa ya Nairobi na kuteua aliyoipenda. Alikwenda palipo na kodi ya nyumba anayoimudu, kisha akatafuta namna ya kufika Industrial Area kabla ya king'ora cha saa moja.

Hata hivyo, kama mambo yangeishia hapo ningenyamaza. Hayaishii hapo.

Kifungu cha 5 cha sheria hiyo hiyo kinahesabu posho ya usafiri kuwa sehemu ya mapato ya ajira. Maana yake ni kwamba mwajiri akikulipa marupurupu ya usafiri ya shilingi 4,000 kwa mwezi, fedha hizo zinaongezwa kwenye mshahara wako na kukatwa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa na mwajiri, pamoja nao, na ikiwa mapato yako yanayotozwa kodi yamepita shilingi 32,333 kwa mwezi, basi ni kwa kiwango cha asilimia 30. Zaidi ya shilingi 1,000 kati ya hizo 4,000 zinakwenda na kodi, tena tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 na mchango wa bima ya afya, SHIF, wa asilimia 2.75 zikiwa zimeshachukua chao. Kwa hiyo serikali inasema mambo mawili kwa wakati mmoja: fedha ya kukufikisha kazini ikiingia mfukoni mwako ni mapato ya kazi, lakini ikitoka mfukoni kwa ajili ya safari ile ile ni matumizi ya kibinafsi yasiyohusiana na kazi. Naomba mhasibu yeyote humu anieleze ni vipi safari moja inaweza kuwa ya kazi ikiingia na ya nyumbani ikitoka.

Sasa someni kifungu hicho cha 5 mkiendelea chini kidogo. Humo mtakuta kwamba nauli ya safari kati ya Kenya na nchi nyingine, ikilipwa na mwajiri, haihesabiwi kuwa mapato ya mwajiriwa, mradi mwajiriwa huyo si raia wa Kenya, aliajiriwa kutoka nje, na yuko hapa kwa ajili ya kumtumikia mwajiri huyo pekee. Sina chuki na wageni wanaofanya kazi katika jiji hili, na naelewa kwamba mtu aliyeletwa kutoka mbali lazima arudi kwao. Lakini tazameni kilichofanyika: watunga sheria walikaa, wakaifikiria safari ya mtu huyo, wakaona kwamba inatokana na kazi, wakaiandikia msamaha. Tiketi ya ndege inayovuka bahari imetambuliwa kuwa gharama ya ajira. Mkenya anayekanyaga pedali kutoka Donholm, akipita Barabara ya Jogoo na mzunguko wa City Stadium hadi Enterprise Road, hakuandikiwa hata sentensi moja.

Gari nalo limefikiriwa kwa kina. Kampuni ikinunua gari dogo la meneja, inaruhusiwa kupunguza katika mapato yake yanayotozwa kodi asilimia 25 ya thamani ya gari hilo kila mwaka kwa mafungu yaliyo sawa, bei inayotambuliwa ikiwa na kikomo cha shilingi milioni 3. Meneja mwenyewe hutozwa kodi kwa faida hiyo, kwa kawaida asilimia 2 ya bei ya gari kwa mwezi, na ni haki atozwe. Ninacholalamikia ni kwamba gari lina kanuni, lina kiwango na lina kikomo, kwa hiyo kila mhasibu anajua la kufanya nalo. Baiskeli haina lolote, na kisichokuwa na kanuni hukataliwa tu.

Nalijua hilo kwa sababu nililifikisha kwa mhasibu wa mahali ninapofanya kazi. Tangu marekebisho ya sheria za kodi yaliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024, manufaa yasiyo ya fedha taslimu ambayo jumla yake haifiki shilingi 60,000 kwa mwaka hayatozwi kodi. Awali kikomo kilikuwa 36,000. Kwa hiyo mwajiri anaweza kununua baiskeli za kawaida, akawaazima wafanyakazi na kugharamia matengenezo, na mfanyakazi asikatwe hata shilingi, ikiwa hana manufaa mengine yanayomfikisha kwenye kikomo hicho. Niliandika pendekezo la ukurasa mmoja, nikataja kifungu na kiasi. Jibu nililopewa lilikuwa kwamba baiskeli si kitu cha ofisi, na kwamba nikiwa na shida ya usafiri niombe nyongeza ya marupurupu. Yaani niombe fedha itakayokatwa kodi, badala ya kitu ambacho hakikatwi. Aliyenijibu hivyo ana kadi ya mafuta inayolipiwa na kampuni.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri, na kwamba huko nako hawana uhakika nayo. Nimeyafuatilia, na hali ni hivi. Ujerumani tangu mwaka 2001 ina posho ya umbali ambayo haiulizi chombo: anayekwenda kazini kwa gari moshi, kwa baiskeli au kwa miguu, wote wanapunguziwa mapato yanayotozwa kodi kwa kila kilomita ya umbali wa kwenda, na kwa miaka mingi kiwango kilikuwa senti 30 za yuro. Ubelgiji humruhusu mwajiri kumlipa mwendesha baiskeli fedha isiyotozwa kodi kwa kila kilomita, na mwaka 2024 kikomo kilikuwa senti 35. Uingereza iliingiza mpango wake katika sheria ya mwaka 1999: mwajiri anamwazima mfanyakazi baiskeli, na mfanyakazi anailipia kidogo kidogo kutoka kwa mshahara kabla haujakatwa kodi. Marekani ilianza mwaka 2009 kwa dola 20 kwa mwezi, ikasimamisha mwaka 2018, na mwaka 2025 ikaufuta mpango huo kabisa. Marekani naitaja makusudi, kwa sababu dola 20 ni kiasi kidogo kiasi kwamba wenye kukitetea walikuwa wachache, na mimi sitaki Kenya ipewe kitu cha namna hiyo ili tunyamazishwe.

Katika mifano yote hiyo, wa Ujerumani na wa Ubelgiji ndiyo inayotufaa, na sababu yake iko kando ya barabara zetu. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ambayo haina ankara ya kielektroniki ya eTIMS, mfumo wa mamlaka ya kodi, haikubaliwi katika hesabu za kodi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria. Sasa mchukulieni fundi wa baiskeli ninayemtegemea. Kazi yake iko chini ya mwavuli uliochanika, karibu na kituo cha matatu. Anaitoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kipande kwa kipande ndani ya karai la maji hadi viputo vitokee, anaweka alama kwa msumari, anasugua kwa msasa, anapaka gundi na kubandika kiraka alichokikata kutoka tyubu kuukuu. Halafu anazungusha gurudumu, anasikiliza, na kukaza spoku mbili tatu bila kuombwa. Ni kazi safi, na malipo yake yanapita kwa simu bila ankara ya aina yoyote. Hata Bunge likiruhusu kesho gharama za baiskeli ziondolewe kwa risiti, fundi huyu na wenzake watatupwa nje, na wateja wao pamoja nao, na nafuu yote itawaendea wanaonunua baiskeli za bei ghali katika maduka ya vioo. Ndiyo maana nasisitiza kiwango maalumu kwa kilomita. Umbali kati ya nyumbani na kazini unaweza kuthibitishwa na mwajiri. Gundi ya fundi haiwezi.

Wenzetu wanaojiajiri hawajaponea pia. Anayesambaza mkate au maziwa kwa baiskeli na kulipa kodi kwa faida anaweza kudai gharama za baiskeli chini ya kifungu cha 15, kwa sababu hapo baiskeli ndiyo kazi yenyewe. Lakini aliye katika kodi ya mauzo ghafi anatozwa asilimia 3 ya mauzo yote, na haruhusiwi kutoa gharama hata moja.

Na kabla hujaipanda baiskeli hiyo, umeshailipia. Baiskeli ya kukanyaga inatozwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16. Ikitoka nje ya Afrika Mashariki, ushuru wa forodha, ada ya tamko la uagizaji na tozo ya maendeleo ya reli vimeshaingia katika bei pia. Sheria ya Fedha ya 2023 iliiweka baiskeli ya umeme katika kundi la bidhaa zenye VAT ya asilimia sifuri, na nilifurahi kuona neno baiskeli limeingia katika sheria hiyo, hadi nilipotambua kwamba ile anayoimudu mlinzi wa usiku au fundi wa kiwandani haikuguswa.

Malipo hayo yote yangevumilika kama yangerudi kwa njia ya barabara. Kaunti ya Nairobi ilitangaza mwaka 2015 sera ya usafiri usiotumia injini, ikiahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Ngong Road ina njia yake, nayo inasaidia pale isipogeuzwa maegesho. Kwingineko unakutana na njia inayoanza vizuri na kukatika ghafla kwenye mtaro, au shimo ambalo mfuniko wake umeibwa, au bodaboda zinazokuja kwa kasi upande wako. Barabara ya kulipia ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands haituruhusu kabisa, na walio chini yake, katika Mombasa Road, wanagombania ukingo na malori.

Najua pingamizi litakalokuja: watu watadanganya. Watasema wanaendesha baiskeli huku wakipanda matatu. Wengine watadanganya, naam, lakini pakiwa na kiwango kisichouliza chombo, kama cha Ujerumani, hakuna la kudanganya isipokuwa umbali, nao mwajiri anaujua. Pingamizi la pili ni kwamba serikali haina fedha za kusamehe. Serikali hiyo hiyo, kwa Sheria ya Fedha ya 2025, ilipandisha posho ya safari za kikazi isiyotozwa kodi kutoka shilingi 2,000 hadi 10,000 kwa siku. Anayelala hotelini kwa ajili ya warsha amesikilizwa. Ibara ya 201 ya Katiba inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na nataka nielezwe haki hiyo imegawanywaje hapa.

Ninachodai ni hiki. Kifungu cha 5 kirekebishwe ili malipo ya mwajiri kwa safari ya kwenda kazini kwa baiskeli au kwa miguu, kwa kiwango cha kilomita kitakachowekwa na sheria, yasihesabiwe kuwa mapato. Asiyelipwa na mwajiri aruhusiwe kuondoa kiasi hicho hicho katika ritani yake bila kudaiwa ankara ya eTIMS. Baiskeli ya kukanyaga na vipuri vyake viwekwe katika kundi lile lile ilimowekwa ya umeme mwaka 2023.

Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kila mwaka kufikia tarehe 30 Aprili, na baada ya hapo Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa hupokea maoni ya wananchi kwa maandishi. Nimeanza kuandika yangu. Anayejua kuandika lugha ya sheria anisaidie kupanga kifungu hicho, na aliye na mwajiri ambaye tayari anatoa baiskeli kama manufaa yasiyo ya fedha aeleze hapa chini ilivyoingizwa katika hesabu zao, ili nimpelekee yule mhasibu.