Muuza spea kagoma kunirudishia hela ya sili feki za Mkonga, eti "umefunga mwenyewe"

Wakuu habari. Naandika hapa nikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, simu nimeishika kwa tishu, kwa iyo herufi zikirukaruka mnivumilie, na hasira nayo inachangia.

Nina Mkonga, Land Cruiser HZJ75 ya 1996, injini 1HZ ile ya cc 4,164 isiyo na turbo, chini springi za vyuma vilivyopangana kama za lori, mbele na nyuma. Niliinunua mnadani 2017 kutoka kwenye mradi mmoja uliokuwa unafungwa. Siyo gari la kupigia picha, ni gari la kazi, linapeleka maji, pembejeo na watu shambani Simanjiro, na mvua zikinyesha kwenye lile tope jeusi la mbuga, hizi gari zenu za chini zinageuka vibanda vya kuku. Nawaambia mapema ili asije mtu na "uza ununue Harrier". Harrier ikanifanyie nini Terrat mwezi wa nne?

Sasa kwa nini najitengenezea mwenyewe. Siyo ubahili, na siyo kwamba najifanya injinia, mimi kazi yangu ni ya ofisini kabisa. Mafundi ndo walinilazimisha.

Mwaka 2019 nilipeleka gari gereji moja hapa Arusha wabadilishe beringi za mbele. Nati ya habu (pale katikati ya tairi penye beringi) ya hii gari inafunguliwa na soketi ya 54, iko nyembamba na ziko mbili, katikati kuna vasha ya kufunga ambayo unakunja masikio yake ili nati isijifungue. Soketi yenyewe siyo bei mbaya. Fundi wa watu akachukua patasi na nyundo, akawa anaigonga nati pembeni izunguke, kwa! kwa! kwa! mpaka pembe zikaliwa zote, alafu wakati wa kufunga ile vasha ya zamani akainyoosha kwa nyundo akairudisha hiyohiyo. Kukaza akakaza kwa kusikilizia mkono. Nikamuuliza fundi hapo kipimo chake ni kipi, akanijibu "braza mimi nipo kwenye hizi gari tangu hujaoa". Sawa. Njiani kwenda Orkesumet tairi la kushoto likaanza kuimba, nikasimama nikagusa habu nikavuta mkono na ngozi ikabaki. Beringi ilikuwa imeshakuwa ya bluu. Nililala porini siku hiyo na debe la maziwa ya mtu.

Alafu ile taa ya T-BELT. Wenye 1HZ mnaijua, gari ikitembea kilometa laki moja inawaka kukukumbusha ubadilishe taiming belti. Yangu haikuwahi kuwaka nikajiona nina gari lenye baraka. Siku nafungua dashibodi kubadilisha taa za mita nakuta tundu la ile taa ni tupu, mtu alishachomoa balbu! Badala ya kubadilisha belti kachomoa balbu, na hela ya belti sina shaka alichukua. Ikikatika ile valvu zinakutana na pistoni na hapo hatuongelei tena elfu hamsini.

Kwa iyo nikaamua basi. Nikanunua soketi ya 54, stendi mbili za chuma (sio tofali, tofali linapasuka bila kuaga), venia ya kupimia vipenyo, kipande cha shaba cha kugongea, na nikajitafutia mizani ya kuning'iniza ile ya wauza samaki. Taratibu nikajifunza. Belti nimebadilisha mwenyewe. Taa kubwa za mbele nimezifungia rilei na fyuzi karibu na betri, maana zamani umeme wote ulikuwa unapita kwenye swichi ya usukani na taa zinawaka kama koroboi. Vipumulio vya difu (lile boksi la gia kwenye ekseli) nimeviungia mpira nikavipandisha mpaka juu kwenye boneti, kwa sababu difu ikiwa ya moto ukaingia nayo kwenye maji baridi hewa ya ndani inasinyaa inavuta maji, unakuja kufungua unakuta oili imekuwa chai ya maziwa. Na huo mkonga wenyewe, lile bomba la kuvutia hewa juu, nimeufunga upya. Nyie wenye mikonga ya urembo nendeni mkaangalie pale chini unapoungana na boksi la filta, wa kwangu ulikuwa na upenyo unaingiza kidole. Juu bomba la kifahari, chini injini inanywa maji ya mtoni moja kwa moja.

Turudi kwenye mada maana nishaanza kutoka nje.

Mwezi wa pili mwaka huu nikaona tairi la mbele kulia, upande wa ndani, lina uji mweusi unachuruzika. Wenye hizi gari wameshajua. Pale mbele kuna lile tufe la chuma linalogeuka na tairi, mafundi wanaita nako, ndani yake kuna CV, ile jointi inayozungusha tairi hata ukikata kona, imezungukwa na grisi. Kwenye difu kuna oili. Kinachotenganisha oili na grisi ni sili moja tu ndogo, pete ya mpira, imekaa mwisho wa ekseli. Ile sili ikichoka, oili ya difu inaingia kwenye nako, inachanganyika na grisi, unapata supu, supu inatoka nyuma ya tufe, difu inabaki kavu na CV inabaki inaogeshwa na kitu kisicholainisha vizuri. Ukichelewa sana unaua vyote viwili.

Nikaenda dukani. Sitalitaja jina, siyo lengo langu. Nikamwambia jamaa nataka seti ya sili za nako pande mbili, orijino, siyo mchina, sina shida na bei. Akaleta maboksi mawili mazuri kabisa, stika inang'aa, namba ya spea iko sawa na niliyoandika kwenye karatasi. Laki nne na ishirini. Nikaomba risiti, akanipa ya mkono yenye muhuri, chini imeandikwa bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Ya mashine? "Bosi mtandao unasumbua leo." Mimi nina haraka na jua linawaka, nikaondoka. Hilo ni kosa langu namba moja, nitukaneni tu.

Nikafanya kazi Jumamosi na Jumapili. Zile vasha sita za koni kwenye habu, ambazo fundi wa patasi aliniambia hazitoki bila gesi, unazigongea kwa shaba kwenye kichwa cha boliti zinaruka zenyewe kama njugu kwenye kikaango. Nikatoa CV nikaiosha na dizeli mpaka gololi zake zikawa zinanionyesha sura yangu. Nikapima uzito wa kugeuza nako kwa ile mizani ya samaki, mke wangu ameshika tochi anauliza "hiyo ndo mizani ya jikoni?" nikamwambia hapana, ya jikoni iko jikoni. (Ilikuwa ya jikoni.)

Alafu nikafika kwenye sili. Naomba hapa msome vizuri kwa sababu ndo penye kosa langu namba mbili. Sili orijino ukiiweka kwenye mdomo wa ekseli haiingii kwa mkono, inataka uiwekee kitu bapa uigongegonge taratibu izame sawasawa pande zote. Hii iliingia kwa kusukuma na kidole gumba. Kidole gumba wakuu! Na mimi mpumbavu nikafurahi, nikasema leo kazi laini.

Wiki tatu. Kilometa kama mia sita. Supu imerudi, na safari hii pande zote mbili, yaani hata kushoto ambako kulikuwa kukavu kabla sijapaharibu mwenyewe kwa hela yangu.

Nikafungua tena. Nikaweka sili mbili mezani, ile ya zamani niliyoitoa na hii mpya. Ya zamani imechoka ndio, lakini mdomo wake ukiubonyeza bado unarudi kama sikio la mtoto. Mpya imekuwa ngumu kama ukucha, ukiikunja inapasuka, na kale kaspringi kembamba kanakozunguka mdomo kamefunguka pale kwenye kiungo, upande mmoja nimekakuta kanaelea kwenye grisi. Venia nayo, kipenyo cha nje cha mpya ni kidogo kuliko cha zamani, na zote mbili zimeandikwa namba ileile. Namba ileile, kiwanda kilekile eti, vipenyo viwili.

Na kabla hamjaanza: kipumulio kimezibuka, nimepuliza kwa mdomo hewa inapita. Ekseli haina mfereji pale sili inapokaa, nimepitisha kucha na nimepitisha venia. Oili ya difu haikuzidi. Beringi za habu hazina mchezo. Nimejikagua mimi kwanza kabla ya kumlaumu mtu, na hiyo ni zaidi ya nilichowahi kufanyiwa gereji yoyote.

Haya. Jana nikaenda dukani na maboksi, risiti, sili mpya, sili ya zamani na venia. Nikamsalimia jamaa vizuri nikampangia vitu kwenye kaunta. Hakuangalia hata kimoja. Swali lake la kwanza:

"Nani kakufungia?"

"Nimefunga mwenyewe."

Mnajua kilichotokea? Alicheka. Akamgeukia mteja mwingine, mzee wa watu kaja kutafuta feni belti, akamwambia "mzee unaona, siku hizi kila mtu fundi". Mzee akacheka kwa adabu. Alafu akanigeukia: "Bosi spea zangu hazina shida, shida ni mikono. Hii kitu inafungwa na fundi. Ungeleta karatasi ya gereji kwamba fundi kafunga ikavuja, hapo tungeongea."

Nikamwambia kaka shika basi hii venia upime mwenyewe, sihitaji mikono ya mtu hapa, chuma kinajisema. Akasema yeye hapimi, yeye anauza. Nikamwambia sili inaingia kwa kidole gumba. Akasema "ndo maana nakwambia hukujua kuifunga".

Nikatoka nje natetemeka. Pale nje ya duka, kwenye benchi, kuna vijana mafundi wanaokaa kusubiri wateja. Mmoja akanifuata mpaka kwenye bodaboda. Sauti ya chini, mpole kabisa:

"Braza nimesikia ishu yako. Nipe elfu ishirini nakuandikia karatasi kwamba mimi ndo nilifunga. Nina muhuri. Jamaa ananijua, atakubadilishia saa hiyohiyo."

Nikamuuliza umewahi kufungua nako ya 75? Akasema hapana, yeye ni wa Noah na IST.

Sasa wakuu niambieni. Mtu hajawahi kuigusa hiyo gari, karatasi yake ya elfu ishirini inathamani kuliko mimi niliyeipima kwa venia. Na sitashangaa kama kwenye hiyo ishirini kuna elfu kumi inarudi kaunta. Huyo wa patasi angeenda na hiyo sili angebadilishiwa. Aliyechomoa balbu ya T-BELT angebadilishiwa na soda juu. Mimi niliyekaa siku mbili chini ya gari na mizani ya jikoni, mimi ndo "mikono".

Na hata angenibadilishia angenipa nini? Boksi lingine la stika inayong'aa.

Sikumpa elfu ishirini. Nilikuwa nayo mfukoni, nisiwadanganye, na kuna dakika mbili hivi nilisimama pale nimeishika.

Jumatatu naenda Tume ya Ushindani, FCC, maana wao ndo wenye mambo ya bidhaa bandia, nina maboksi, nina sili zote mbili. Kinachonitesa ni ile risiti ya mkono, kama kuna mtu amewahi kupeleka malalamiko bila risiti ya mashine aniambie walimpokeaje.

Kuongezea: kuna mdau kanifuata inbox ananiambia nizipake silikoni kwa nje zitashika. Mkuu nashukuru lakini hapana. Silikoni ndo nilikuta imepakwa na fundi wa kwanza kabisa, nimeibandua kwa kisu kipande kirefu kama tambi, na chini yake kulikuwa kunavuja vilevile.

Kuongezea tena: anayeuliza kama nimejaribu duka la jirani, ndio, wana boksi lilelile, stika ileile, laki na themanini pande zote mbili. Kwa iyo nililipa laki mbili na arobaini ya ziada kwa ajili ya neno orijino.

Gari liko juu ya stendi uani, tairi mbili za mbele ziko ukutani, CV zimefungwa kwenye mifuko ya unga wa sembe zisiingie vumbi, na kuku ameshaanza kutaga chini ya difu. Mahindi yanataka kupaliliwa. Mwenye anapajua pa kupata sili za 75 za kweli, Arusha, Moshi, Dar hata Nairobi, anipe namba ya duka, ila kabla sijatuma hela nitaomba anipigie picha ya sili ikiwa juu ya venia na namba zinasomeka. Asiyetaka kupima asijisumbue.