Kwa nini madevelopa wang'ang'anie fremuweki wakati mtumiaji anateseka?

Mwanzisha mada, Ujiji:
Wakuu, hili la fremuweki, yaani vifurushi vya msimbo vilivyo tayari vya kujengea tovuti, linaniuma. Mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi anafungua tovuti kwa simu ya bei nafuu na bando la siku. Anatafuta bei, namba ya simu, labda fomu ya kujaza. Anakutana na ukurasa mweupe na kiduara kinachozunguka, huku bando linakatika.

Tovuti nyingi zilizojengwa kwa fremuweki kama React, Angular au Vue hutuma JavaScript (msimbo unaoendeshwa na simu yenyewe) kwanza, kisha simu ndiyo ijenge ukurasa. Msimamo wangu: anayeichagua fremuweki siye anayelipia uzito wake. Developa anapima kwenye laptop yenye nguvu na Wi-Fi ya ofisini, anaona mambo safi. Picha ya KB 300 ikishafika inaonyeshwa tu. JavaScript ya KB 300 lazima simu iisome, iitafsiri, ndipo iiendeshe, na prosesa dhaifu inachelewa hapo hapo hata mtandao ukiwa mzuri.

Developa, Kasulu:
Kaka, unatuonea. Tangu Facebook iiweke React wazi kwa kila mtu mwaka 2013, matangazo ya kazi yanaitaja kwa jina. Kijana asiyeijua nani atamwajiri? Tena vipande vingi viko tayari: kalenda, majedwali, fomu. Mteja anataka kazi wiki ijayo na hajawahi kuniuliza ukurasa una uzito gani. Na seva inaweza kuandaa ukurasa kabla ya kuutuma. Laumu matumizi mabaya, usilaumu chombo.

Mwalimu, Mwanga:
Mimi si mtaalamu. Ila matokeo ya mitihani ya taifa ya NECTA ni majedwali ya HTML (lugha ya msingi ya kurasa za wavuti) ya kawaida kabisa, hayana urembo, na mzazi anayasoma kwa simu yoyote yenye intaneti. Sijasikia mzazi akidai mapambo.

Mwanzisha mada:
Ahsante Mwalimu. Ndugu wa Kasulu, la ajira nakubali, mtu hawezi kulala njaa. Lakini hizo ni faida zako na za mwajiri wako, mtumiaji hayumo. Hata seva ikitanguliza ukurasa, kwa kawaida JavaScript bado inafuata ili vitufe vifanye kazi. Mtu anabonyeza "Tuma", kimya, anabonyeza tena.

Sikatai fremuweki kwa ramani inayobadilika kila sekunde au mfumo wa ndani wa benki. Nakataa kwa ukurasa wa ratiba ya boti. Google wanataka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, basi mteja akiandika mkataba aweke kipimo hicho, kijaribiwe kwa simu ya bei ya chini na data ya kawaida, mbele yake, kabla ya malipo ya mwisho.

Developa, Kasulu:
Kipimo hicho nakisaini. Ila muda wa kupunguza uzito uingie kwenye bei. Wateja wa hapa watakubali kuulipia?