Naombeni ushauri: kinachonitokea usiku nakithibitishaje?

Wakuu habari zenu, nipo Dodoma huku Nkuhungu, kuna kitu kinanitokea usiku sijui hata nikiiteje. Nashtuka macho yako wazi kabisa, naona neti, naona feni, ila mwili hausogei hata kidole halafu kuna mtu kasimama pale mlangoni, sura siioni ila najua yupo. Mama mwenye nyumba kasema niweke chumvi chini ya mto, shemeji yeye anataka twende kwa mtaalamu, na mtaalamu bila hela haanzi.

Hiyo ya kushindwa kusogea najua ni jinamizi, ubongo umeamka mwili bado umelala, sibishi. Na upepo wa huku ukipiga bati unasikia mpaka nyayo. Kinachonichanganya ni mdogo wangu, alikuja kutoka Kondoa akalala sebuleni, sijamwambia chochote, asubuhi ananiuliza eti jana nani alikuwa anatembea humu ndani?? James Randi, yule mwanamazingaombwe wa Marekani, aliweka dola milioni 1 kwa atakayethibitisha mambo haya ya nguvu zisizo za kawaida kwa kupimwa, mpaka inafungwa 2015 hakuna aliyeibeba, kwa hiyo najua stori tupu haitoshi.

Sasa nikiacha simu irekodi usiku kucha itatosha au mtasema nimeediti? Halafu baridi hii huwa naingiza jiko la mkaa ndani, ile hewa yake najua inaua, je inaweza pia kumfanya mtu aone vitu? Waliopitia njooni, wa kejeli pia karibuni ila mje na hoja.