Aliyekopa ni yeye, namba ni yangu: mkopeshaji wa mtandaoni aruhusiwe kuchukua majina yote kwenye simu?

Wakuu, heshima kwenu.

Naomba tuijadili hii kwa utulivu, maana kila ikiibuka tunaishia kumsema mdaiwa na kumsahau mtu wa tatu ambaye hakukopa hata senti.

Swali langu ni hili: mtu akikopa kupitia programu ya simu, je, mkopeshaji awe na ruhusa ya kuchukua majina na namba zote zilizomo kwenye simu yake? Mimi nasema hapana. Hata mkopaji akikubali kwa hiari yake, hata akiwa mdaiwa sugu, bado hapana.

Mimi ni fundi simu, na hawa watu ninakutana nao mezani kwangu. Mteja anakuja na simu nzima, haijavunjika kioo wala haina tatizo la chaji. Anasema kwa sauti ya chini, "Fundi, nifutie hii kitu." Juzi kaja mama anayeuza vitenge. Simu yake ilikuwa inaita mfululizo hata tukashindwa kuongea: wakwe, mwalimu wa mtoto, katibu wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Wote walikuwa wametumiwa meseji moja, kwamba fulani ni tapeli, kakimbia na hela, na wewe umeandikwa kuwa mdhamini wake, mwambie alipe leo. Nikamfungulia Mipangilio, nikaingia kwenye Programu, nikabonyeza Ruhusa. Anwani (yaani orodha ya majina na namba) imeruhusiwa, SMS imeruhusiwa, kamera imeruhusiwa, mahali alipo pia. Akaniambia yeye alichokuwa anatafuta siku ile ni hela ya dawa tu, kila kilichotokea kwenye kioo alikibonyeza.

Nilimfutia ile programu, lakini nilimweleza ukweli kwamba haitasaidia. Ukishabonyeza Ruhusu, orodha inanakiliwa na kupelekwa kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia taarifa, ya mkopeshaji. Kuiondoa programu hakuitoi nakala ile huko iliko. Ku-flash simu hakusaidii, kubadilisha laini hakusaidii. Watu hawalijui hili, wanatupa hela kwa mafundi bure.

Sasa tuangalie nani kaumia pale. Mama ana deni, sawa. Lakini mwalimu wa mtoto? Namba yake iko kwenye seva ya kampuni asiyoijua, pamoja na jina ambalo mama amemsevu nalo, pengine na cheo chake na shule anayofundisha, kwa sababu ndivyo tunavyosevu majina. Hakuulizwa. Hakuna mahali aliposaini.

Kisheria hatuko mikono mitupu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Benki Kuu nayo mwaka huohuo wa 2024 ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kidijitali chini ya daraja la pili la huduma ndogo za fedha (wanaokopesha bila kupokea amana za wateja), na Novemba ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kenya walitangulia. Sheria yao ya mwaka 2019, kifungu cha 28, inamtaka anayekusanya taarifa azichukue kwa mwenyewe mhusika. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zikakataza mkopeshaji kuwapigia au kuwatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Na hawakuishia kwenye karatasi: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Mulla Pride, kampuni ya programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia namba ilizozipata kwa watu wengine kuwatumia watu meseji za vitisho na kuwapigia simu za vitisho.

Hoja yangu iko hapa, na ndiyo naomba mnipinge au mniunge mkono: sehemu kubwa ya adhabu hizi inakuja baada ya kero. Tunasubiri mtu atukanwe mbele ya wakwe ndipo tuulize namba ilitoka wapi. Kosa lingehesabika pale mwanzo kabisa, pale programu ya mikopo inapoomba orodha ya majina. Google wenyewe walifika huko: kuanzia tarehe 31 Mei 2023 programu za mikopo binafsi zilizoko Play Store hazitakiwi kusoma orodha ya majina, picha wala mahali hasa mtu alipo. Kampuni ya Marekani imeona kwamba mkopo hauhitaji majina ya shangazi zako. Sisi tunasubiri nini kuandika hivyo kwa herufi kubwa katika masharti ya leseni, na kila programu ikapimwa kabla haijaanza kukopesha?

Karibuni.

Najibu michango

Nimesoma yote. Siwezi kujibu kila mmoja, nachukua zile hoja zilizorudiwa.

*"Dawa ya deni ni kulipa. Alipe, hakuna atakayesumbuliwa."*

Deni lilipwe, hapo hatubishani. Lakini mkuu, soma tena swali. Mwalimu yule alipe deni gani? Na kuna jambo limewapita wengi: aliyelipa kwa wakati naye orodha yake imechukuliwa. Mteja mwema na mdaiwa sugu wote wameacha majina yaleyale kwenye seva ileile. Tofauti yao ni kwamba mmoja orodha yake bado haijatumiwa.

*"Bila hivyo nani atamkopesha mama lishe? Benki inataka hati ya nyumba."*

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote na aliyeileta namheshimu, kwa sababu ni kweli watu wetu hawana dhamana na shida haingoji. Mtoto anaumwa usiku, benki imefungwa, jirani naye hana. Anayesema watu waache kukopa hajui maisha ya mtaani.

Lakini si kweli kwamba mkopo mdogo hauwezekani bila kuchukua majina. Chukua huduma za akiba na mikopo kwa simu: M-Shwari ilianza Kenya Novemba 2012, huku kwetu M-Pawa ikaja 2014. Zote zinamwangalia mteja mwenyewe: anatumiaje huduma ya pesa kwa simu, anaweka akiba kiasi gani, mkopo uliopita alilipaje. Unaanza na kiasi kidogo, ukilipa kinapanda, usipolipa unabaki hapohapo au jina lako linapelekwa kwa wanaotunza kumbukumbu za mikopo. Hiyo inambana mdaiwa mwenyewe. Na VICOBA vyetu? Kule mdhamini yupo, lakini anaitwa, anasikia kiasi, anasaini mbele ya wenzake, na anaweza kukataa. Aibu ya kuidhalilisha ile meza ya kikundi inafanya kazi kwa sababu kila aliyeketi pale aliingia akijua.

Halafu tuitazame bei. Hesabu ninayooneshwa mara nyingi kwenye simu za wateja ni ya aina hii: umeomba 100,000, makato yanakatwa hapohapo, unapokea 70,000, na baada ya siku 7 unatakiwa kurudisha 100,000. Hiyo ni 30,000 juu ya 70,000, karibu asilimia 43 kwa wiki moja. Mkopo wa namna hii umetengenezwa ili wengi washindwe. Mkopeshaji anayejua kwamba wengi watashindwa lazima awe na silaha nyingine mkononi, na silaha yenyewe ni majina yetu. Ukimnyang'anya orodha, itambidi apime vizuri nani anaweza kulipa kabla hajatoa hela. Watakaopata mikopo watapungua kidogo, hilo nakubali. Ila kama mkopo unawezekana tu kwa kumtishia shemeji wa mkopaji, huo ni wa kufa tu. Huko mtaani tulishaupa jina la kausha damu.

*"Alibonyeza mwenyewe Ruhusu. Hakulazimishwa."*

Kwanza, kwa programu nyingi ukibonyeza Kataa unarudishwa mwanzo, huendelei. Mtu mwenye mgonjwa ndani hana la kuchagua pale. Lakini tuseme alikuwa na akili timamu, amesoma masharti yote na kuyaelewa. Karuhusu nini? Anaweza kuruhusu meseji zake, picha zake, mshahara wake. Namba yangu niliyompa ili anipigie simu ikiharibika hakuwa na mamlaka ya kuiweka rehani. Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Inasema kila mtu, na mimi nimo. Ridhaa ya jirani yangu haijawahi kuwa ridhaa yangu.

Hapa ndipo nawaona hata watetezi wa faragha wanateleza. Wanahimiza masharti yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, kwa herufi kubwa. Ni jambo jema. Lakini mwalimu wa mtoto hata angeandikiwa kwa wino wa dhahabu asingeyaona, kwa sababu kioo hakikuwa mbele yake.

*"Benki Kuu imeshafungia 69, wanabadilisha jina wanarudi. Sheria haitaweza."*

Ndugu, kubadilisha jina la programu ni kazi ya saa chache, nakubaliana nawe kabisa. Wengine hawapiti Play Store kabisa, wanatuma kiungo kwenye WhatsApp, unapakua faili na kusakinisha mwenyewe, na kule masharti ya Google hayafiki. Wanaokuja mezani kwangu wengi wamepitia njia hiyo.

Ila hela haipiti kwenye kiungo cha WhatsApp. Inatoka na kurudi kupitia mitandao ya simu, kwa namba ya malipo au akaunti ambayo mtu mwenye kitambulisho aliifungua na kampuni fulani ikaisajili. Programu inaweza kubadilisha jina kila Jumatatu, akaunti ya kupokelea marejesho haibadiliki kirahisi hivyo. Asiye na leseni ya kukopesha asipewe namba ya kupokea marejesho. Waliolazimisha kila laini isajiliwe kwa alama za vidole hawawezi kutuambia kwamba hawajui hela hizo zinaingia kwa nani. Nataka wabunge wetu waliulize hili swali bungeni, tena kwa kuwataja wanaohusika na mifumo ya malipo, si kuishia kuwaonya wananchi wawe makini.

*"Mimi ni mkusanyaji wa madeni, nalipwa kwa kamisheni. Nisipopiga hizo simu sili."*

Asante kwa kusema wazi, wengi wangekaa kimya. Sina ugomvi na wewe. Mpigie mdaiwa, mkumbushe, mpeleke kwenye baraza au mahakamani kama deni linastahili. Orodha ya majina uliyokabidhiwa asubuhi hukuitafuta wewe, na anayepaswa kujibu ni aliyeikusanya. Lakini lile tusi ulilomwandikia mama mkwe wa mtu limetoka kwenye vidole vyako.

*Dada aliyeuliza afanye nini, ametumiwa meseji za deni la mtu waliyesoma naye:*

Usilipe. Kuandikwa mdhamini bila kusaini hakukufanyi mdhamini. Usifute meseji hata kama zinakera, piga skrinshoti zinazoonesha namba iliyotuma, tarehe na saa. Muulize rafiki yako jina la programu na namba aliyoelekezwa kulipia marejesho, hiyo ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza. Peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ukiwa mlalamikaji kwa jina lako, kwa sababu taarifa iliyotumika ni yako. Kama programu haina leseni, iarifu na Benki Kuu. Kama kuna vitisho au picha za kudhalilisha, nenda polisi na simu ileile mkononi. Na usimgombeze sana rafiki yako, uwezekano mkubwa naye hakujua kama jina lako limechukuliwa hadi ulipompigia.