Corolla ya 5A-FE inazima ikipata moto na haiwaki mpaka ipoe

Mkazi wa Kimara:
Ndugu zangu, naomba msaada. Gari langu ni Toyota Corolla AE100 lenye injini ya 5A-FE. Asubuhi linawaka mara moja, lakini baada ya dakika 40 hivi, hasa nikiwa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro na feni ya rejeta imeshaanza kuzunguka, linazima ghafla kama vile nimefunga swichi. Stata inazunguka kwa nguvu zote, ila injini haishiki. Nikifungua boneti na kusubiri nusu saa, linawaka kana kwamba halijawahi kuugua. Mshale wa joto haujawahi kupita katikati. Nimeshabadilisha plagi, waya za plagi, chujio la mafuta na pampu ya kwenye tanki, na tatizo liko palepale. Fundi sasa anasema ni kompyuta ya injini. Nipime nini kabla sijatoa fedha nyingine?

Fundi Umeme:
Ndugu yangu, kompyuta iache kwanza. Gari la namna hii hufikishwa gereji likiwa limeshapoa, kila kitu kinapimwa na kuonekana kizima, kisha spea zinabadilishwa kwa kubahatisha. Vipimo vyenye maana ni vile utakavyovifanya palepale barabarani, ukiwa umeshalisogeza gari pembeni, katika dakika chache ambazo limegoma.

Kuzima ghafla bila kukohoa wala kupoteza nguvu kunanielekeza kwenye umeme wa kuchoma mafuta. Katika injini yako distribyuta, yaani kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi, imefungwa kwenye silinda hedi, hivyo inapokea joto lote la hapo. Ndani yake kuna koili ndogo za kuhisi, ambazo kwenye michoro ya umeme zinaandikwa G na NE, zinazoiambia kompyuta shafti iko wapi na inazunguka kwa kasi gani. Waya wake ni mwembamba sana. Ukipanuka kwa joto unaweza kukatika, na ukipoa ncha zikagusana tena. Ishara ya NE ikikosekana, kompyuta haitoi cheche wala haifungui nozeli.

Litakapozima, mtu apige stata huku ukitazama mshale wa mizunguko ya injini. Ukilala kabisa bila hata kutetemeka, shuku upande huo. Chukua plagi ya akiba, ichomeke kwenye waya mmoja wa plagi, iegemeze vizuri kwenye chuma cha injini, mbali na mafuta, uone kama inatoa cheche. Usiishike kwa mkono. Kisha, bila kuchomoa betri, washa swichi, unganisha kwa waya matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kiboksi cha vipimo chini ya boneti na uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Namba 12 ni ishara ya mzunguko iliyokosekana, na 14 ni jibu la ignita (kifaa kinachoendesha koili ya cheche) lisilorudi kwenye kompyuta. Mafundi wetu wana tabia ya kuchomoa betri kabla ya jambo lolote, na kumbukumbu yote inafutika.

Dereva wa Dodoma:
Kwa heshima, mimi nisingeyaondoa mafuta mapema hivyo. Pampu mpya haithibitishi kwamba umeme unaifikia. Nilikuwa na Honda ya miaka ya 90 iliyogoma kila nilipoiegesha juani, na chanzo kilikuwa nyufa kwenye risasi ya kulehemu ndani ya rilei kuu (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyoko chini ya dashibodi. Kwenye Toyota yako, unganisha +B na FP katika kiboksi hichohicho ukiwa umewasha swichi, bila kupiga stata. Pampu ikivuma na mpira wa mafuta ukakaza, huku injini ikiendelea kugoma, hapo nitakubali kwamba ni cheche.

Fundi Umeme:
Hoja hiyo ni ya kweli, na kipimo chenyewe hakichukui hata dakika moja. Naongeza sensa ya joto la maji: ikiidanganya kompyuta kwamba injini ni ya baridi, mafuta yanazidi na plagi zinalowa. Inatakiwa kuwa na kati ya kilo-ohm 2 na 3 kwenye nyuzi 20, na kushuka hadi 0.2 mpaka 0.4 kwenye nyuzi 80. Ila sensa hiyo kwa kawaida haizimi gari ghafla.

Mkazi wa Kimara:
Narudi na majibu. Jana lilizima karibu na Ubungo. Mshale wa mizunguko haukunyanyuka, cheche hakuna, pampu inavuma, na taa ikapepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara mbili. Nilichomoa soketi ya distribyuta nikapima NE: multimita haikusoma chochote, kama waya uliokatika. Nilipopima tena baada ya dakika 25 ilisoma ohm 420. Nimeambiwa Gerezani naweza kupata distribyuta nzima iliyotumika. Je, niichukue?

Fundi Umeme:
Ichukue, lakini ipime kwanza baridi, kisha uipashe kwa mashine ya kukaushia nywele na uipime tena hapohapo dukani, maana nayo imetoka kwenye gari la umri uleule. Kabla ya kufungua ya zamani, chora alama kwenye chuma chake na kwenye hedi, na uandike rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, inaelekea wapi. Ukishafunga, injini ikiwa moto na ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), unganisha TE1 na E1, kisha urekebishe taiming, yaani wakati wa cheche kutoka, kwa taa ya kupimia taiming mpaka isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Bolti zikaze baada ya hapo.