Kigari cha rimoti kinachoka mchangani Shela: nianze na mota au na nini?

nahodha_nchikavu (Lamu)

Asalam aleikum jamaa. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Langoni. Kutwa niko ukutani bandarini na Yamaha za watu, za farasi 15 na za 40, kwa hivyo vyuma si vigeni kwangu. Hivi vidude vya umeme ndivyo vinavyonipiga chenga.

Kuna mgeni mmoja alikuwa akipanga nyumba Shela. Aliporudi kwao aliniachia kigari chake cha rimoti. Ni bagi ya Tamiya, kiwango cha 1/10, inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Mota ni ile ya saizi ya 540, ya kaboni, kopo jeupe lililofungwa. Betri ni NiMH, ile ya nikeli, ya volti 7.2, na sijui ina umri gani.

Anayeijua Lamu anajua hatuna barabara za magari mjini, ni vichochoro na punda. Siku ya kwanza nilikijaribu pale Mkunguni baada ya alasiri, punda wa mtu akashtuka akamwaga magunia mawili ya simiti, nikatukanwa mimi na waliokuja kabla yangu. Tangu siku hiyo nakipeleka Shela baada ya sala ya alfajiri, maji yakiwa yamekupwa.

Kwenye mchanga uliolowa, ule mgumu, kinakwenda vizuri. Kikipanda kwenye mchanga mkavu kinaanza kugugumia. Dakika sita, saba hivi, mota imekuwa moto hata kidole hakikai, na spidi imekwisha. Halafu kuna sauti ya kwii kwii nyuma ambayo zamani haikuwepo.

Mpwa wangu ana miaka kumi na minne, kanionyesha seti ya brashilesi, mota isiyo na kaboni, ya 3300KV pamoja na kontrola yake, kile kifaa kinachoigawia mota umeme. Mpaka ifike Mombasa, ipande basi hadi Mokowe na boti hadi hapa, ni kama 9,500. Nina elfu kumi nilizojipangia, na mke wangu anajua kuwa ni sita. Niagize au kuna kitu cha kutangulia?

kasi_mpya (Nairobi)

Brashilesi bila kuuliza mara mbili, mzee. Hiyo mota ya kopo ni ya kitoto. Ukiweka 3300KV na lipo, betri ya lithiamu, ya seli mbili hutaamini ni gari lile lile. Mimi niliweka yangu na sijajuta.

bagi_mchangani (Malindi)

Waaleikum salaam nahodha. Kabla hujatoa hiyo elfu tisa, ngoja kwanza.

Kasi_mpya hajakosea, mota ile ni tofauti kabisa. 3300KV ni mizunguko 3300 kwa kila volti, mara volti 7.4 ni mizunguko 24,420 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Kopo lako jeupe linafika elfu kumi na tano na ushei. Ila yeye anaendesha kwenye lami na kwenye uwanja wa shule. Wewe na mimi tunaendesha mchangani. Mchanga mkavu unashika tairi kama tope, mota inafanya kazi muda wote hata pale unapoona gari linaenda polepole. Ukitia mota yenye nguvu zaidi juu ya mzigo ule ule, joto halikimbii, linahamia kwenye kontrola, na nguvu inatafuta penye udhaifu.

Kwangu udhaifu ulikuwa gia za difa, zile zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Niliweka brashilesi kwenye gari la plastiki kama lako, nikatoka nalo Silversands, nikaona vumbi la raha kwa dakika nne. Ya tano nikasikia kama mtu anatafuna karanga. Nilipofungua gia boksi, meno yalikuwa yamegeuka unga mweupe ndani ya grisi. Niliokota jino moja zima, nimelihifadhi kwenye kibiriti.

Wewe ni fundi wa boti, basi nikuulize kwa lugha yako. Mtu akikuletea mashine ya 15 inayochemka na boti halitaki kunyanyuka, unamwambia anunue ya 40? Au unaangalia kwanza propela imefungwa ya pitchi gani, yaani mapanga yamelazwa kiasi gani, na kama kuna kitu kimezuia?

Fanya hivi. Chomoa mota, ni skrubu mbili. Halafu inua gari, sukuma magurudumu ya nyuma kwa kidole. Bila mota yanatakiwa yaendelee kuzunguka kidogo baada ya kuachia. Yakisimama palepale, tatizo lako haliko kwenye mota. Pia hesabu meno ya pinioni, ile gia ndogo kwenye shafti ya mota. Tuambie.

nahodha_nchikavu (Lamu)

Umenishika pabaya hapo kwenye propela.

Nimefanya jana usiku. Pinioni ina meno 19. Kwenye plastiki ya gia boksi kuna matundu mawili ya skrubu, limoja limeandikwa 17 na jingine 19.

Gurudumu la kulia likisukumwa linaenda mzunguko mmoja na nusu. La kushoto linasimama kama limeingizwa kwenye unga wa mahamri. Nikalitoa. Jamani, nyuma ya gurudumu, kwenye ekseli, kumezungukwa na mshipi wa kuvulia! Ule mwembamba usioonekana, umejisokota umekuwa kama pete, umeyeyusha ukingo wa bushi. Kila wiki natoa mshipi kama huo nyuma ya propela za watu na kuwagombeza kwa nini hawaangalii. Nimeukata kwa wembe nikautupa kimyakimya, mpwa asione. Akaona.

Bushi yenyewe, ile pete ya plastiki ambamo ekseli inazunguka, tundu lake si duara tena, limekuwa yai. Ndani kuna mchanga na mafuta yaliyokuwa meusi. Nadhani yule mgeni alikuwa akipulizia mafuta kila akitoka pwani.

bagi_mchangani (Malindi)

Hiyo ndiyo kwii kwii yako.

Mafuta ya kupulizia juu ya plastiki yanakusanya mchanga, yanageuka msasa wa kioevu. Toa bushi zote, usibadilishe moja. Weka beringi za vyuma. Pima kwanza, lakini gari nyingi za aina hiyo zinatumia 1150, yaani tundu milimita 5, nje milimita 11, unene milimita 4. Ni saizi ya kawaida, utazipata hata kwa wauza beringi Mombasa ukiwapelekea bushi moja kama sampuli. Chukua zile zenye kifuniko cha raba pande zote, sio za bati. Za bati chumvi inaingia kama mlango uko wazi. Ndani ya gia boksi weka grisi, kidogo, kwenye meno tu. Nje ya gia boksi usipake kitu.

Pinioni: shusha iwe 17, na uhamishe mota kwenye tundu la 17, usibahatishe, kila tundu lina pinioni yake. Utapoteza kama sehemu moja ya kumi ya spidi ya juu, lakini mchangani huifikii hiyo spidi hata siku moja. Ni kama kushusha pitchi ya propela ili boti la mzigo linyanyuke. Mota itapumua.

Na kopo lako lililochemka mara kumi, usilitegemee sana. Lile limefungwa, kaboni hazibadilishwi, zikiisha limeisha. Jipya la aina ile ile ni bei rahisi, na ukitaka kidogo zaidi kuna Sport Tuned ya Tamiya wenyewe, nayo ni 540, inaingia palepale. Mota mpya ya kaboni izungushe kwanza bila mzigo kwa volti 3 hivi, betri mbili za tochi zinatosha, dakika kumi na tano, kaboni zikae sawa na mviringo wa shaba.

Joto usikisie kwa macho. Ukigusa kopo na kidole hakikai hata sekunde tatu, simamisha. Mota ikichemka kupita kiasi inaharibika na hairudi.

lehemu_na_risasi (Mombasa)

Samahanini kuingilia, naona betri imesahauliwa. Nahodha, kaka yangu, kabla ya mota pima betri.

Ijaze, iache ipoe, weka mita. Halafu mwambie huyo mpwa ashike gari juu, bonyeza spidi yote na tazama mita. NiMH nzima ya seli sita itateremka kidogo na kutulia. Iliyokufa seli moja inaanguka ghafla zaidi ya volti moja na haitulii. Hapo hata uweke mota ya dhahabu.

Ukitaka lipo ya seli mbili nakubali, ni 7.4 na ikijaa ni 8.4, gari litabadilika hata kwa mota hiyo hiyo ya kaboni. Lakini kontrola ya zamani ya gari la NiMH mara nyingi haijui lipo. Haikati umeme seli zikishuka. Ukiendelea hadi chini ya volti 3 kwa seli, lipo inavimba kama andazi, na ukiichaji baada ya hapo unacheza na moto wa kweli. Kwa pesa yako mimi ningechukua kontrola ya kaboni kama Hobbywing 1060. Ina kipini kidogo cha kuchagua lipo au NiMH, inabeba ampia 60, haiogopi maji, na kwa lipo ya seli mbili inakubali mota za 540 kuanzia mizunguko 12 ya waya. Kopo lako ni 27, na mizunguko ikiwa mingi mzigo kwa kontrola ni mdogo, kwa hivyo ni mteremko.

Chaji ya lipo iwe ya kusawazisha seli, ile yenye kiplagi kidogo cheupe. Chajia ndani ya chungu cha udongo, juu ya sakafu, na usilale. Usiiweke imejaa wiki nzima pia, iache kama volti 3.8 kwa kila seli. Nina jirani aliyechajia juu ya godoro. Godoro halipo.

kasi_mpya (Nairobi)

Sawa nimekubali hoja ya mchanga. Lakini nahodha ukifika siku ya brashilesi, niulize, usiwaulize hawa wazee wa grisi.

lehemu_na_risasi (Mombasa)

Nina miaka ishirini na saba.

nahodha_nchikavu (Lamu)

Nimerudi baada ya wiki tatu, beringi zilichelewa kwa sababu basi lilikwama Garsen na mzigo ukalala huko.

Betri: dada wa Mombasa alisema kweli. Ilikuwa 8.1 imejaa, nilipobonyeza ikaanguka hadi 6.3 na ikaendelea kuteremka. Mpwa alikuwa ameshika gari juu kichwani kama mbeba jeneza, akasema "mjomba, linatetemeka." Nimeitupa, nikachukua lipo moja na ile 1060. Kuhamisha kiplagi kulinichukua lisaa kwa sababu waya wa betri ni mnene na kilehemea changu ni cha redio. Nilifunika ncha moja kwa mkanda kabla ya kugusa nyingine, maana lipo haina mchezo ikigusana.

Beringi ni 1150 kweli. Zile zilizotakiwa ni nyingi kuliko nilivyodhani, mpaka ndani ya gia boksi. Pinioni 17. Mota bado ni lile lile kopo la zamani, nilitaka nione tofauti ya kitu kimoja kwa kimoja.

Sasa gurudumu la kushoto nikilisukuma bila mota nahesabu hadi sita kabla halijasimama. Mpwa anasema saba.

Alhamisi nilikwenda Shela, maji ya bamvua, ufuko umeachia mchanga mpana mpaka unajiuliza bahari imekwenda wapi. Mchanga mgumu, spidi ni kubwa kuliko mwanzo ingawa pinioni imeshuka, nadhani ni lipo. Nikakipandisha kwenye mchanga mkavu kule kwenye vilima. Hakigugumii. Kinachimba, kinarusha mchanga nyuma, kinapanda. Dakika kumi na mbili nikagusa kopo: moto, lakini kidole kikakaa. Nilihesabu polepole hadi tano.

Kimoja kimenishinda. Kikikata kona kwenye mchanga mkavu, mbele hakifuati, kinateleza moja kwa moja kama dau lisilo na usukani.

Na nimeanza kukisafisha kama mashine ya boti: maji baridi ya bomba kwa mswaki kwenye magurudumu na chini, si kwenye vifaa, halafu kinakaa kivulini kikauke. Skrubu mbili za shoki zilikuwa zimeshashika kutu, nimeweka za chuma kisichoshika kutu kutoka kwenye kopo langu la mashine. Zimeingia bila kulazimisha.

Nimetumia 7,200. Mke wangu bado anajua ni sita.

bagi_mchangani (Malindi)

Mbele kuteleza ni tairi. Nyuma tia zile za makasia, zenye mbavu pana za kulala zinazochota mchanga, na mbele tia nyembamba zenye mstari mmoja uliosimama katikati, unakata mchanga kama mkuku wa jahazi. Ukitia makasia nyuma peke yake bila kubadilisha mbele, kona itazidi kukukataa. Na makasia yanaongeza mzigo, kwa hivyo gusa kopo tena dakika ya tano, usisubiri ya kumi na mbili.

Mimi nilitengeneza ya mbele mwenyewe, tairi iliyolika, nikaigundisha ukanda wa mpira wa ndara katikati. Mbaya kuitazama, inashika.

nahodha_nchikavu (Lamu)

Ndara ninazo. Kesho maji yanakupwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Gundi ya raba ya boti itashika mpira wa ndara, au uliweka nyingine?