Wakuu msaada: boti ya tanga Matema hadi Lupingu, upepo wa kusi

Mwana_Uyole: Wakuu habari za jioni. Nina boti ndogo ya tanga futi 19, niliuziwa na mzungu aliyekuwa anahama, ipo Matema, Ziwa Nyasa. Jumamosi naipeleka Lupingu, kusi itatusukuma fasta. Naomba kujua kitu kimoja tu, upepo ukizidi tanga lipunguzwe wakati gani? Jibuni haraka jamani maana usingizi siupati.

Mnyalu_Kihesa: Panda meli mkuu. Shemeji yangu alikuwa anavua Mtera, asubuhi maji yametulia kabisa, mchana upepo ukaanza akaja kuokotwa upande wa Dodoma huko, hadi leo samaki anakula ila kuvua hataki kusikia.

Fundi_Mafinga: Boti ni mbao au faiba? Kama ni paini haijapigwa dawa hiyo usiiamini, njoo Mafinga tuongee.

Nahodha_Tukuyu: Nimefanya kazi ya tanga pwani miaka mingi kabla ya kuhamia huku. Tanga hupunguzwa mapema, siku ya kusi unalipunguza kabisa bado uko ufukweni. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake kwenye tanga inakuwa mara nne, ndiyo maana mtu anajiona yuko salama halafu ghafla boti imelala. Ukiona mapovu meupe yametapakaa ziwani na usukani umekuwa mzito, umeshachelewa. Demani, ile kamba ya kuongoza tanga, ishike mkononi, usiifunge, likija dhoruba unailegeza. Sasa sema ukweli, unaenda na nani?

Mwana_Uyole: Na ndugu tu.

Nahodha_Tukuyu: Ndugu wangapi? Injini ipo?

Mwana_Uyole: Injini ipo ila haiwaki. Tupo saba, na mbuzi wawili. Ni wazee wanapeleka mahari yangu, kule wameshaambiwa Jumamosi na pombe imeshapikwa, nikiahirisha tena binti anaolewa na mwingine. Maboya yapo matatu, wazee wenyewe wamesema wao ni watu wa ziwa hawayahitaji.

Mama_Soweto: Yaani unapeleka baba zako majini bila maboya kwa sababu ya harusi? Vijana wa siku hizi mahari mnaifanya mashindano. Mwanangu alioa kwa mkopo, mpaka sasa ninalipa mimi.

Kitulo_Baridi: Hii chai. Kusi inatoka kusini, Lupingu iko kusini ya Matema, sasa itamsukumaje? Itampiga usoni njia nzima, apige bisho, yaani kwenda kwa kukata kona dhidi ya upepo, mpaka achoke. Mwenye boti kweli hawezi kuandika hivyo. Mleta uzi weka picha.

Mnyalu_Kihesa: Na mzungu gani anauza boti kwa mtu wa Uyole 😂

Mwana_Uyole: Picha siweki, wakwe wamo humu. Nilikuwa na maana ya umande wa alfajiri unaoshuka milimani, ule unatutoa vizuri. Kusi ikianza tutakuwa mbele.

Nahodha_Tukuyu: Chai au siyo chai, kuna mtu mwingine atasoma hapa na atajaribu, kwa hiyo najibu. Umande unakufa jua likipanda, na hapo utakuwa bado hujafika hata nusu. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, kusi ikivuma mawimbi yanapata nafasi ya kukua njia yote mpaka yaje kupasukia Matema. Milima ya Livingstone nayo imesimama pale pale majini, upepo unashuka kwenye mabonde kwa ghafla na sehemu za kukimbilia ni chache. Watu saba kwenye futi 19 hata pa kukaa kuipa boti uzito upande unakotoka upepo isilale hampati. Kurudi ndiyo mbaya zaidi, upepo mgongoni, ukigeuza tanga vibaya ile boriti yake inaruka upande wa pili na kichwa cha mtu.

Mwana_Uyole: Nahodha nimeongea na wazee. Watapanda meli. Mimi na binamu na mbuzi tunaondoka alfajiri, boti lazima ifike, nimeshawaambia wakwe ninayo.

Fundi_Mafinga: Hujajibu, mbao au faiba?

Nahodha_Tukuyu: Mbuzi wapande meli na wazee, wakiserereka upande mmoja boti inapinduka. Nyinyi wawili vaeni maboya kabla ya kusukuma. Mkikuta mapovu meupe kabla hamjapita kijiji cha Ikombe hapo jirani na Matema, geuzeni.